Cheni ya taimingi kwenye Toyota 22R: kusoma dalili, kubadilisha na kuseti

Ukiwasha Hilux ya petroli ya zamani alfajiri, baada ya injini kulala usiku kucha, zima redio usikilize sekunde tatu za kwanza. Kama mbele ya injini, nyuma ya feni, kuna mchakacho kama mnyororo unaoburuzwa ndani ya debe, halafu ukanyamaza, gari limekuambia jambo kubwa. Wenye magari wengi hawalijali kwa sababu kelele inaisha yenyewe. Mafundi wengi nao humshauri mteja aweke oili nzito. Nimefungua injini hizi za kutosha kujua kinachofuata: gari linakuja likivutwa, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na gharama iliyokuwa ya cheni na vibao vyake imekuwa ya injini nzima.

Ninazungumzia 22R, na ndugu yake 22RE yenye injekta badala ya kabureta. Ni injini ya silinda nne, cc 2,366, bloku ya chuma, hedi (kichwa cha injini) ya alumini, kamshafti moja juu, yaani shafti inayofungua valvu. Ilianza 1981 ikirithi nafasi ya 20R, na ikaendelea hadi katikati ya miaka ya 1990. Ni injini ngumu sana. Krankishafti yake (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na pistoni zake zinaweza kukuzika. Udhaifu wake mmoja unaojulikana uko mbele, nyuma ya kava ya taimingi, kwenye cheni inayoizungusha kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati, na ukiuelewa huo utaitunza injini hii miaka mingine ishirini.

Matoleo ya mwanzo yalikuwa na cheni ya safu mbili na vibao vya chuma vya kuiongoza. Kuanzia magari ya 1983 cheni ikawa ya safu moja, na vibao vikawa vya plastiki. Cheni hiyo ni ndefu, inatoka chini kwenye krankishafti hadi juu kwenye kamshafti, na katikati inashikwa na vibao viwili. Cha kushoto, ukikaa kwenye kiti cha gari ukitazama mbele, kiko upande ambao cheni inavutwa ikakazika. Cha kulia kinasukumwa na tenshena ili kunyonya ulegevu. Tenshena yenyewe inategemea presha ya oili. Gari likilala, presha inashuka, tenshena inalegea. Ukiwasha, cheni inapiga mijeledi hadi oili ifike. Plastiki iliyokaa miaka kwenye oili ya moto hukauka ikawa kama ganda la yai, na mijeledi hiyo ndiyo inayoivunja.

Cheni yenyewe mara nyingi inakuwa bado nzima. Kinachokufa kwanza ni kibao.

Kelele ya asubuhi inayoisha baada ya muda mfupi

Kabla hujaihukumu cheni, ondoa watuhumiwa wengine. Legeza fani belti zote uzitoe, kisha washa injini kwa sekunde chache tu, maana sasa pampu ya maji haizunguki. Kelele ikipotea, tatizo ni beringi ya pampu ya maji au ya altaneta. Ikibaki, chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye kava ya mbele na mpini sikioni, mbali na chochote kinachozunguka. Tapeti zilizolegea zinagonga juu, kwa mdundo mkavu usiobadilika, tiki tiki tiki. Cheni inakwaruza. Ukishaisikia mara mbili huwezi tena kuichanganya na kitu kingine.

Halafu angalia filta ya oili. Filta nzuri ina kizuizi cha mpira ndani kinachozuia oili isirudi sampu (karai la oili chini ya injini) gari likisimama. Filta za bei rahisi mara nyingi kizuizi hicho hakishiki, na tenshena inaamka ikiwa kavu kila asubuhi. Nimewahi kubadilisha filta na oili tu, kelele ikapungua kutoka sekunde nne hadi nusu sekunde, na nilipofungua tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi) nikakuta vibao bado vizima. Kwa hiyo anza hapo, ni hatua ya bei ndogo. Lakini usitumie oili nzito kuliko inayotakiwa ukidhani unaponya. Oili nzito inachelewa kufika kwenye tenshena, na kelele ikipungua imefunikwa tu.

Hatua ya tatu ndiyo ya uhakika: fungua tapeti kava. Ni nati chache tu. Chukua tochi, mulika chini mbele ya gia ya kamshafti, upande wa kushoto. Unatakiwa uone kibao kikiwa kimesimama wima, kikigusana na cheni kwa urefu wake. Ukiona cheni iko peke yake, au kibao kimekatika kikabaki kipande, au kimelala, usiendelee kuliendesha gari hilo hata kwenda sokoni.

Kelele isiyoisha hata injini ikipata moto

Hapa hakuna mjadala. Ama kibao kimeshaanguka, ama tenshena imefika mwisho wa safari yake kwa sababu cheni imerefuka. Kila pini ya cheni ikila kidogo tu, ulegevu wote unajumlika. Weka kidole kwenye cheni katikati ya upande wa tenshena, injini ikiwa imezimwa. Kama inachezacheza kama kamba ya kuanikia nguo, imechoka.

Oili imegeuka maziwa, maji yanapungua

Hii ndiyo dalili inayowagharimu watu zaidi, na ndiyo sababu nimeamua kuandika yote haya.

Mzee mmoja aliniletea Hilux ya 1987 akiwa amekata tamaa. Gasketi ya hedi ilikuwa imebadilishwa mara mbili kwingineko, hedi ikapelekwa kusawazishwa mara zote mbili, na kila mara baada ya wiki moja oili ilirudi kuwa chai ya maziwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hii bloku imepasuka?" Nilifungua tapeti kava nikamulika. Kibao cha kushoto hakikuwepo kabisa. Bloku ilikuwa salama, hedi ilikuwa salama. Cheni ilikuwa imelala ubavuni mwa kava ya alumini ikaikata kama msumeno unavyokata ubao, hadi ikatoboa njia ya maji iliyo ndani ya ukuta wa kava. Maji yalikuwa yanashuka moja kwa moja sampu.

Kava ya mbele ya 22R imebeba pampu ya maji, na njia za maji zinapita ndani yake. Ndiyo maana mfereji unaochimbwa na cheni unaishia kwenye maji. Fundi asiyelijua hilo akiona maji na oili vimechanganyika anakimbilia hedi.

Namna ya kutofautisha: gasketi ya hedi ikiungua kati ya silinda na maji, utaona mapovu kwenye rejeta injini ikiunguruma, moshi mweupe wenye harufu tamu kama umeweka kulanti (dawa ya maji ya rejeta), na plagi moja ikitoka safi kama imeoshwa. Kava ikitobolewa huoni mapovu wala moshi. Plagi zote ni za kawaida, kompresheni iko sawa kwenye silinda zote nne, lakini maji yanapotea na kijiti cha oili kinaonyesha oili imezidi. Funga pampu ya kupimia presha kwenye rejeta, injini ikiwa imezimwa na baridi, uijaze presha inayoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, halafu iache dakika ishirini. Legeza bolti ya kumwagia oili taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Kuna namna gasketi ya hedi nayo inaweza kupitisha maji kwenye oili bila kugusa silinda, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi. Tochi na kibao cha kushoto ndio mashahidi wa mwisho.

Gari likifika hatua hii usiliwashe tena. Maji kwenye oili yanaua beringi za krankishafti kwa dakika chache tu za mwendo. Ukishamaliza kutengeneza, mwaga oili mara mbili: ya kwanza ya bei nafuu, izungushe dakika kumi kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta), mwaga na filta yake, ndipo uweke ya kudumu.

Gari zito, taimingi haitulii, linarudisha moto kwenye kabureta

Ukipiga taa ya taimingi na alama ya puli ikawa inarukaruka huku na huku, sababu zinaweza kuwa mbili: cheni imelegea, au shafti ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi) imechoka. Zima injini, toa kifuniko cha distribyuta, shika rota, kidude kinachozunguka ndani yake, uitikise kwa kando. Ikicheza sana ubavuni, distribyuta inahusika.

Kisha pima ulegevu wa cheni bila kufungua chochote kikubwa. Weka soketi ya milimita 19 kwenye bolti ya puli ya krankishafti, zungusha kwa mwelekeo wa saa hadi alama ya puli ifike sifuri. Sasa rudisha nyuma polepole huku mwenzako akitazama rota. Soma nyuzi (digrii) ngapi puli imerudi kabla rota haijaanza kusogea. Nyuzi mbili tatu ni kawaida kwa injini ya umri huu. Zikifika tano nawaambia watu waanze kutafuta vifaa. Zikifika kumi, cheni inaweza kuruka jino wakati wowote.

Na ikiruka jino? Injini inakuwa ngumu kuwaka, inachemka, inakosa nguvu mlimani, sailensa haikai. Geji ya vakyumu inasoma chini lakini mshale umetulia. Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika: fundi anazungusha distribyuta hadi gari liwake vizuri kidogo, analirudisha kwa mwenyewe. Distribyuta inaseti cheche peke yake. Cheni inaseti valvu pamoja na cheche. Ukiisogeza distribyuta umeipa cheche wakati wake, lakini valvu bado zinafunguka zikiwa zimechelewa, na hakuna mzunguko wa distribyuta utakaozirudisha. Distribyuta ya 22R ikilazimika kukaa mwisho kabisa wa nafasi yake ya kuzungukia ili gari liwake, kagua cheni kabla hujaikaza bolti yake.

Kukagua ni rahisi. Leta pistoni namba moja topu senta (juu kabisa ya safari yake), alama ya puli kwenye sifuri, rokaamu (mikono inayosukuma valvu) zote mbili za silinda ya kwanza zikiwa legevu. Pini ndogo iliyo kwenye pua ya kamshafti lazima iwe juu, saa kumi na mbili kwenye uso wa saa. Ikiwa imeegemea upande, cheni imeruka.

Kabla hujashika spana

Nunua seti kamili: cheni, gia mbili, tenshena, vibao viwili, gasketi za kava na sili ya mbele. Cheni mpya kwenye gia zilizolika inachoka haraka. Kwa kibao cha kushoto tafuta chenye mgongo wa chuma uliopakwa mpira au plastiki juu yake. Vipo, na kwa maoni yangu ndiyo badiliko moja bora unaloweza kulifanyia injini hii. Angalia pia mwaka wa gari. Toyota waliirekebisha injini hii mwaka 1985, na kava na seti za cheni za kabla ya hapo haziingiliani na za baadaye. Nimeona watu wakilazimisha.

Kava yenyewe: ikishatolewa, pitisha ukucha upande wa kushoto ndani. Mkwaruzo hafifu si tatizo. Mfereji ambao ukucha unazama, badilisha. Wapo mafundi wa kuchomelea alumini wanaoweza kuziba, lakini ukuta ukishakuwa mwembamba sehemu moja, joto la kuchomelea linaupinda uso wa gasketi, na kava iliyopinda inavuja mahali pengine.

Kufungua

Mwaga maji na oili. Toa rejeta, feni, belti, altaneta na mabano yake, pampu ya maji. Leta injini topu senta ya silinda namba moja, uweke alama ya rota kwenye mwili wa distribyuta, kisha itoe distribyuta. Fanya hivi kabla ya chochote huku mbele, maana gia yake imekaa kwenye pua ya kamshafti, pamoja na kamu ya pampu ya petroli kwa zile za kabureta.

Bolti ya puli imekazwa sana. Gari la gia za mkono, ingiza gia ya tano na mtu akanyage breki. Puli itolewe kwa pula. Ukiigonga kwa nyundo utaharibu mpira wake wa katikati.

Sampu inawagawa mafundi. Kava ya mbele imekalia mdomo wa sampu, na kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne difu ya mbele inaziba njia ya kuishusha. Wengi hukata silikoni kwa kisu chembamba, wakaitoa kava bila kuishusha sampu. Kama vibao bado vizima, sina ugomvi nao. Lakini kama kipande cha plastiki kimepotea, kiko sampu, na kwenye sampu kuna chujio la pampu ya oili linalokivuta. Injini inaweza kufa kwa kukosa oili huku cheni mpya ikimetameta. Shusha difu, shusha sampu, safisha chujio. Ndiyo siku moja zaidi ya kazi.

Sasa ile bolti inayowatesa wasioijua injini hii. Mbele ya hedi, chini ya gia ya kamshafti, kuna kidimbwi cha oili. Ndani ya kidimbwi hicho imejificha bolti ndogo inayoingia kutoka hedi kwenda kava ya mbele. Nyonya oili kwa kitambaa utaiona. Usipoitoa, kava haitoki, na ukilazimisha utapasua alumini au utainua gasketi ya hedi. Jambo la pili: kati ya bolti za pampu ya oili, ya juu inapita hadi kwenye bloku, kwa hiyo nayo itolewe.

Bolti za kava zina urefu tofauti. Chukua boksi la katoni, chora umbo la kava, toboa matundu na uchomeke kila bolti mahali pake ilipotoka. Bolti ndefu mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu au kubaki imekaza tundu tupu, kava ikavuja maji na hujui kwa nini.

Toa bolti ya gia ya kamshafti, ishushe gia na cheni yake. Ziba matundu yote yanayoelekea chini kwa matambara safi kabla hujaanza kulegeza vitu vidogo huko juu. Kuivuta kava uivute sawasawa mbele, bila kuipinda juu, maana ukingo wa gasketi ya hedi uko hapo, na ukiuchana umejiongezea kazi ya kuinua hedi. Gia ya oilipampu na gia ya cheni kwenye krankishafti hutoka kwa pula ndogo, zikiwa zinafuatana.

Kuseti

Hapa usikimbie. Zungusha krankishafti hadi kabari yake itazame juu. Ndipo pistoni ya kwanza iko topu senta. Ingiza gia mpya ya chini. Cheni mpya ina viungo vya rangi inayong'aa: upande mmoja kimoja, upande wa pili viwili vilivyokaribiana. Kile kimoja kinakaa juu ya alama ya gia ya krankishafti. Vile viwili vinaibana katikati yao alama ya gia ya kamshafti. Kama cheni yako haina viungo vya rangi, laza mpya na ya zamani sambamba mezani, hesabu pini kutoka alama hadi alama, na uipake mpya rangi kabla ya kuigusa injini.

Funga vibao, hakikisha bolti zake zimekaza barabara, na cheni iko katikati yao. Paka oili kila mahali. Funga tenshena ikiwa imebanwa ndani. Kisha ingiza gia ya oilipampu kwenye krankishafti.

Pampu ya oili ijaze oili au vaselini kabla ya kuifunga. Pampu kavu hainyonyi, na injini itazunguka muda mrefu bila presha. Safisha nyuso za gasketi mpaka ziwe kavu kabisa. Pale pembe tatu zinapokutana, yaani hedi, kava na bloku, paka tone la silikoni, ndipo panapovuja. Ingiza kava, rudisha bolti kutoka kwenye katoni yako. Nyembamba zinataka kukazwa kwa kiasi tu, kama Nm 13. Zile nene kama Nm 39. Ile bolti iliyojificha kidimbwini, usiisahau.

Gia ya kamshafti ikikubali kuingia kwenye pini bila kuvutwa, uko sawa. Ikikataa kwa nusu jino, usilazimishe kamshafti kwa spana kubwa. Rudi chini ukague alama. Bolti ya gia hii inakazwa Nm 78, ya puli ya krankishafti Nm 157.

Halafu zungusha injini kwa mkono, mwelekeo wa saa, mizunguko miwili kamili. Usizungushe kwa stata. Ukihisi kitu kigumu kinakuzuia, simama, maana huenda valvu imekutana na pistoni. Baada ya mizunguko miwili, alama ya puli iwe sifuri na pini ya kamshafti iwe juu. Viungo vya rangi havitakuwa tena mahali pake, na hilo huwatisha wengi. Ni kawaida. Vitarudi kukutana na alama baada ya mizunguko mingi. Tegemea kabari na pini.

Gari limefungwa na haliwaki

Sababu ya kwanza ni distribyuta imewekwa kinyume, rota ikitazama silinda namba nne badala ya moja. Topu senta inakuja mara mbili kwa kila mzunguko wa kamshafti, mara moja pistoni ikibana na mara nyingine ikitoa moshi. Hakikisha rokaamu za silinda ya kwanza ziko legevu ndipo uingize distribyuta, na kumbuka inapoteremka meno yake ya mshazari huizungusha rota kidogo. Mpangilio wa cheche ni 1-3-4-2.

Likiwaka lakini linapiga mlipuko kwenye ekzosi na halina nguvu, rudi kwenye pini ya kamshafti, umekosea jino. Fungua leo. Wapo wanaosema litazoea, halitazoea.

Taa ya oili ikichelewa kuzimika, usisubiri. Zima, toa waya mkuu wa koili, zungusha kwa stata hadi taa izimike, ndipo urudishe waya. Mchakacho wa sekunde kadhaa mara ya kwanza baada ya kazi ni tenshena inajaa oili. Mchakacho huo ukirudi kesho asubuhi na kesho kutwa, tenshena mpya ni mbovu au njia yake ya oili imezibwa na gasketi.

Injini ikipata moto, seti tapeti. Kipimo injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza, 0.30 kwa za kutoa. Silinda ya kwanza ikiwa topu senta ya kubana, rekebisha za kuingiza za silinda 1 na 2, na za kutoa za 1 na 3. Zungusha puli mzunguko mmoja, rekebisha za kuingiza za 3 na 4, na za kutoa za 2 na 4. Taimingi ya cheche iseti mwisho kabisa, kwa taa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha bonneti la gari hilohilo, kwa sababu za kabureta na za injekta hazilingani.

Mwenye gari alirudishe baada ya kilomita 1,000. Mwaga oili kwenye beseni safi, ichuje kwa kitambaa cheupe. Chembe chache za plastiki ya zamani zilizokuwa zimejificha si ajabu. Vumbi la alumini linalong'aa likionekana, fungua tapeti kava tena, shika tochi, tazama upande wa kushoto.